Magadi ya Naibor

Enguserosambu,
3 Septemba 2023

Mdogo wangu Parsimei,

Supai. Usijisumbue kuitika, sauti yako naijua, tangu utotoni ilikuwa kubwa kuliko mwili. Siku hizi mwili nao umefika, nilikuona mwezi uliopita ukishuka kwenye gari la mradi na lile koti lako la mifuko mingi. Eunike anakulisha nini huko Karatu? Msalimie sana mkeo huyo, na mama yake, Sabina, kule Buger. Mwambie mbegu ya maharage aliyonipa iliota vizuri, ila mbuzi nao waliipenda.

Sisi ni wazima. Shemeji yako Lesiamon anakohoa kila asubuhi lakini hakubali kwamba anakohoa, anasema ni moshi. Mpwa wako Sifa alipiga simu kutoka chuo cha uuguzi, ameanza kuingia wodini na kuchoma watu sindano. Nilimwambia aanze na wale wasiojua kupiga kelele.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unakijua kilima chetu cha mtandao. Ukitaka kusikika lazima upande hadi kwenye mwamba, na ukifika unakuta nusu ya kijiji wameinua simu zao juu kama wanaomba mvua. Kila neno utakalosema wanashuka nalo nyumbani. Hili ninalotaka kukuuliza sitaki lishuke na mtu.

Nauliza habari za Naibor.

Nilipomtoa sikulia mbele ya watu, nililia baadaye. Bibi yake yule mtamba ndiye ng'ombe niliyepewa siku nilipoingia boma hili nikiwa bibi harusi, nilipogoma kupita mlangoni mpaka nipewe mfugo wangu. Basi Lesiamon aliponijia akasema wazee wanatafuta mtamba mweupe asiye na doa wa kumpa yule mzungu wa hewa, nilijua macho yake yameshafika zizini. Nilikubali kwa sababu nilielewa wanachofanya. Mtu akipokea ng'ombe wako, jina lake la zamani linaachwa. Unamwita Pakiteng, naye anakuita Pakiteng, na ng'ombe huyo hauzwi, na kumtendea ubaya aliyekupa ni kama kumpiga ndugu wa tumbo moja. Wewe ulikuwa katikati yao ukitafsiri. Nilimwona mzungu akivua kofia, akacheka, akajifunza kulitamka: Pa-ki-teng. Wazee wakatema mate ya baraka. Lesiamon alirudi nyumbani mwepesi kama kijana, akasema sasa huyu hawezi kutufukuza.

Mimi sikuwa mwepesi. Tangu mwaka ule walipokuja na magari kusimika vigingi kwenye malisho yetu, gari jipya likija hapa watoto wanakimbilia vichakani kabla ya kujua ni nani, na miguu yangu inataka kuwafuata. Naogopa, Parsimei. Sielewi hewa inauzwaje, na sielewi mnunuzi anaibebea kwenye nini. Niambie hata dogo moja ninaloweza kulielewa: Naibor analala wapi, na nani anamchunga?

Dada yako,
Nalangu


Karatu,
24 Septemba 2023

Dada yangu Nalangu,

Takwenya. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Emmanueli, konda wa basi la Loliondo, ikiwa na alama za vidole vya mafuta. Nadhani ilisafiri pamoja na maandazi.

Eunike na watoto ni wazima na wamekucheka kuhusu mwili wangu. Mama mkwe anakusalimia. Unajua tangu mwaka ule India walipofunga mlango wasinunue mbaazi, na zake zikaliwa na wadudu ghalani, kila jioni anawasha redio kusikiliza India wameamkaje. Hajawahi kufika hata Arusha mjini, lakini ukimuuliza habari za India anakupa.

Hewa ni hivi. Kule kwao viwanda vinatoa moshi mwingi mpaka dunia imepata joto. Nyasi zikipumzishwa vizuri, mizizi yake inavuta ule uchafu na kuuficha ardhini. Wenye viwanda wanalipa kijiji kwa kazi hiyo ya nyasi. Nyie mnabaki pale pale na ng'ombe wenu, mnafuata tu utaratibu wa malisho ulioandikwa kwenye mkataba. Mkataba ni wa miaka arobaini. Mapato yanajenga zahanati, yanasomesha watoto. Sifa yuko chuoni kwa sababu ya mradi huu huu hata kabla haujasainiwa, na si Sifa peke yake. Mimi mwenyewe nisingekuwa na nyumba ya bati bila kazi hii.

Kuhusu ng'ombe, msimwazie. Pakiteng anawasalimu sana.

Shemeji akapimwe kifua. Wasso kuna daktari.

Mdogo wako,
Parsimei


Enguserosambu,
19 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu tumeamka. Mvua imeanza kunusa, mawingu yanakuja na kuondoka kama wageni wasiotaka chai. Lesiamon amekataa kwenda Wasso, anasema daktari atamtafutia ugonjwa. Shuleni wameleta tenki kubwa la bluu, wanasema limetoka kwa mradi. Watoto wanaligonga kusikiliza mlio wake. Ni tenki zuri, siwezi kulisema vibaya, na wasichana hawaendi tena mtoni asubuhi.

Sasa wewe. Umejibu maswali ambayo sikukuuliza, na lile nililouliza umelipitia pembeni kama mtu anayepita boma lenye mbwa.

Tuanze na hayo yako. Kumbe wao wakitoa moshi, ni nyasi zetu ndizo zinazofanya kazi? Na wakilipa, watapunguza moshi, au watatoa zaidi kwa kuwa wamelipa? Niliwauliza wanawake wa kikundi chetu cha shanga, hakuna aliyejua. Penina akasema mbona hata shanga zenyewe ni hivyo hivyo: zinatengenezwa Ulaya, zinakuja hapa, tunazitunga, zinarudi Ulaya shingoni mwa mtu, sisi tunabaki na macho yanayouma. Tukacheka sana. Lakini Penina amejenga choo kwa shanga hizo na mimi nimenunua miwani hii ninayoandikia. Kwa hiyo usiniambie sijui faida. Naijua. Inanitisha kwa sababu naijua, maana kitu kibaya kitupu tungekifukuza siku ya kwanza.

Miaka arobaini, Parsimei. Sitakuwepo, na wewe pia kwa mwendo huo wa tumbo. Nani atamuuliza mtoto wa Sifa kama anakubali? Na utaratibu wa malisho upo hapa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Wazee wanafunga malisho ya alalili mvua ikinyesha, nyasi zinakua bila kuguswa, na siku ndama wakianza kukonda wanaifungua. Huo mkataba utajuaje kwamba ndama wamekonda?

Ninayemwamini katika jambo lote hili ni Naibor, basi. Wazee nao ni hivyo hivyo, hawajasoma ule mkataba, wanasema wa nini, mtu ana ng'ombe wetu. Kwa hiyo nakuuliza tena. Nani anamchunga?

Nalangu


Karatu,
12 Novemba 2023

Dada yangu mpendwa,

Takwenya. Nimechelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi. Mvua huku ni kubwa, barabara ya Buger imekuwa utelezi mtupu na mama mkwe hajatoka wiki nzima. Mtoto wetu mdogo aliugua kifua lakini amepona.

Maswali yako ni mazito na mengine hata bosi sijui kama anayaweza. Lakini tazama upande wangu. Hapa Karatu tunaishi kwa mafua ya watu wengine. Kule kwao wakiugua, au wakiwa na vita, vitanda vya hoteli za watalii vinalala vitupu, wapishi wanarudi kulima, na madereva tunakaa stendi tukitazamana. Nimeyaona hayo mwaka ule wa korona, niliuza mpaka godoro. Huwezi kufunga mlango, dada, mlango wenyewe haupo. Dunia imeshaingia ndani. Kilichobaki ni kuomba walioingia wawe watu wazuri, na Pakiteng ni mtu mzuri. Anakula ugali wetu, anacheka na kila mtu.

Naibor yuko Rhotia kwa rafiki yangu mmoja mwenye nafasi. Amenenepa. Msimwazie.

Nitakuja naye Pakiteng siku ya mkutano mkuu. Tafadhali usiulize mambo haya mbele za watu, kazi yangu ni nyembamba kuliko unavyodhani.

Parsimei


Enguserosambu,
26 Novemba 2023

Parsimei,

Tu wazima, nanyi muwe wazima, hayo tuyafupishe.

Umenenepa wewe. Ng'ombe aliyezaliwa huku kwetu ukimpeleka kwenye malisho mageni ya Rhotia atakonda kwanza, manyoya yatasimama, ndipo azoee. Hilo ulilijua ukiwa na miaka saba ukichunga ndama wa mume wangu. Na mtu akiwa na habari za mtamba, cha kwanza anachosema ni kama amepandwa na dume. Hukusema. Huyo rafiki yako hana jina, na huko Rhotia hakuna aliyemwona Naibor isipokuwa kalamu yako.

Tangu nisome barua yako sijalala vizuri. Nasikia gari hata pasipo na gari.

Mkutano mkuu ni tarehe kumi na nne Desemba. Lesiamon amewaambia wazee wenzake kwamba yeye ndiye atakayeanza kuweka dole gumba, na wengine wote watamfuata, unajua hivyo. Neno lake limesimama juu ya yule ng'ombe tu, hakuna kingine. Kwa hiyo nijibu jambo moja na uniandikie kweli: Naibor yuko hai? Ukisema yuko, nitanyamaza na sitakuuliza tena mpaka nife. Ukisema hayupo, nitamwambia mume wangu na dole lake litabaki mkononi mwake.

Huyu mzee alikulea baba yetu alipofariki. Usimwache atembee gizani.

Dada yako


Karatu,
3 Desemba 2023

Dada yangu,

Naandika nikiwa ndani ya gari la ofisi, nimepandisha vioo, na bado nahisi mtu anasoma juu ya bega langu.

Naibor hayupo.

Tulipofika naye Karatu, Pakiteng alimfunga nyuma ya ofisi. Siku za mwanzo alimpenda, akampiga picha akamtumia mama yake. Halafu Naibor akala maua ya mwenye nyumba, akakanyaga bomba la maji, majirani wakalalamika. Pakiteng akaniita, akasema, "Parsimei, huyu mnyama anateseka hapa. Naomba umshughulikie, na kitakachopatikana kirudi kijijini." Hakusema kwa ubaya. Kwao zawadi ukishaipokea ni yako, na ukiigeuza kuwa kitu cha kusaidia watu umefanya vizuri zaidi. Nilitakiwa kumwambia hapo hapo kwamba ng'ombe huyu ndiye mkataba, kwamba ile karatasi yake kwenu ni karatasi tu. Nilifungua mdomo. Nikamkumbuka Inosenti, dereva mwenzangu, aliyebishana na ofisi na kesho yake akakuta mtu mwingine kwenye usukani. Nikasema, "Sawa, bosi."

Nilimpeleka mnadani mwenyewe. Sikuhitaji kamba, dada. Nilimpigia ule mluzi wa boma lenu na akanifuata. Wenye lori walimnunua, wale wanaopeleka ng'ombe kwenye machinjio ya nyama ya kusafirishwa Arabuni. Kilichopatikana ndicho lile tenki la bluu. Tangu uniandikie kwamba watoto wanaligonga, nasikia kwato zake.

Tafadhali mwambie shemeji. Mwambie asiweke dole mpaka mkataba usomwe wote kwa Kimaasai, neno kwa neno, na ramani yake ya malisho ioneshwe. Mwambie ni mimi niliyemwuza. Akinilaani ni haki yake, ingawa laana ya mzee yule naiogopa kuliko kifo. Nikifukuzwa kazi nitalima mbaazi na mama mkwe.

Emmanueli anaondoka na barua hii kesho. Nitakapofika mkutanoni nitakutazama usoni na nitajua kama umeisoma.

Mdogo wako,
Parsimei


Enguserosambu,
17 Desemba 2023

Mdogo wangu mpendwa sana,

Supai, supai, supai! Mmefika salama Karatu? Nilitamani uzungumze nami kidogo lakini ndege yenu ilikuwa inaogopa mawingu na ukaondoka bila hata kunywa maziwa. Mvua hii sijapata kuiona. Korongo limechukua daraja na basi la Loliondo halijafika tangu mwanzo wa mwezi, wanasema limekwama huko njiani. Kama uliniandikia, sijapata kitu; hii naituma kwa mtu wa pikipiki. Lakini sihitaji tena, nimekusikia kwa masikio yangu.

Nataka ujue nilivyokuwa siku ile. Niliketi na wanawake, nikikutazama wewe tu. Lesiamon aliposimama na fimbo yake, kabla ya kugusa ule wino, akauliza mbele ya wote, "Pakiteng, Naibor anaendeleaje?" Nikasema basi, hapa ndipo. Ukamgeukia mzungu ukasema Kiingereza chako. Yeye akacheka, akaweka mkono kifuani, akasema maneno mengi. Zamu yako ya kutafsiri ikafika. Ukanitazama mimi, nami nikakukazia macho, nikisema moyoni, sema kweli Parsimei, yoyote ile, sema tu.

Ukasema, "Anasema Naibor ni mzima, na anawashukuru."

Moyo wangu ulishuka mahali pake. Nilijua huwezi kusimama mbele ya mzee aliyekulea, mbele ya kijiji kizima, useme jambo ambalo si kweli. Nilikuwa nimekufikiria vibaya kwa sababu ya barua zako za kujizungusha, na naomba unisamehe. Dada yako anazeeka, hofu imemkaa kichwani.

Wote waliweka dole. Lesiamon alianza, halafu wengine mpaka wino ukaisha, wakaongeza maji.

Mkewe Lesiamon anayelala usingizi,
Nalangu


Karatu,
6 Januari 2024

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Watoto wazima.

Umeshapata barua yangu ya tarehe tatu Desemba? Nimemtafuta Emmanueli stendi kila siku. Wanasema basi lilivutwa hadi gereji Arusha na mizigo iliyomo haijulikani iko wapi.

Dada, mimi nilidhani umeisoma. Uliponikazia macho vile nilidhani unaniambia, najua kila kitu, na nimeamua kukufichia siri, kwa hiyo nawe funga mdomo usituaibishe. Nilidhani umempima mume wako, umeona laana itaniua, umechagua mdogo wako. Pakiteng hakudanganya. Alisema niwashukuru, kwamba ilikuwa zawadi nzuri kuliko zote alizowahi kupewa na imeleta mengi mema. Hayo ndiyo maneno yake. Yale mengine nilikuwa mimi.

Ikifika barua hiyo, ichome bila kuifungua. Nakuomba kwa jina la mama. Usingizi wako uache ulivyo.

Parsimei


Enguserosambu,
2 Februari 2024

Emmanueli ameleta barua mbili pamoja. Ile ya Desemba ilikuwa juu, nikaifungua kwanza.

Nimeisoma.


Karatu,
21 Aprili 2024

Dada yangu Nalangu,

Takwenya. Nimeandika mara mbili na hukujibu, na kwenye kilima cha mtandao hupandi tena, Sifa ameniambia. Amesema pia umeacha kutumia maji ya tenki, unakwenda mtoni na ndoo.

Eunike ananiuliza nina nini, namwambia tumbo. Kazi bado ninayo. Siku hizi ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu nimejua naweza kufanya nini ili nisiipoteze.

Kuna jambo lazima ulijue. Pakiteng ameondoka. Muda wake wa kazi hapa uliisha, amepelekwa nchi nyingine, nasikia ni huko Amerika ya Kusini, kwenye misitu ya watu wengine. Tulimfanyia sherehe, tukala mbuzi, akalia kabisa. Sitanii, alilia. Mahali pake kuna mama mmoja anayekaa ng'ambo, tunamwona kwenye skrini ya kompyuta kila Jumatatu asubuhi. Ni mpole, anatuuliza hali. Nilijaribu kumweleza kwamba kijijini kuna suala la ng'ombe. Akaandika, akasema atalitafuta kwenye mafaili. Jumatatu iliyofuata akasema hakuna ng'ombe kwenye mkataba.

Shemeji bado hajui? Niambie kama umemwambia. Nikiwa njiani nikiona mzee yeyote mwenye shuka nyekundu navuka upande wa pili wa barabara.

Nijibu hata neno moja. Hata la kunitukana.

Mdogo wako


Enguserosambu,
18 Agosti 2024

Parsimei,

Barua hii anakuletea shemeji yako mwenyewe. Unajua hajui kusoma. Ameiweka kwenye mfuko wa shati aliloazima kwa ajili ya safari, na ameniahidi hataikunja.

Watoto ni wazima. Sifa amemaliza chuo na wamempanga kwenye zahanati yetu mpya. Wiki iliyopita amemzalisha Nanyori, mtoto alikaa vibaya, na wote wawili wako hai. Zamani huyo tungemzika. Nakuambia hili kwanza usije ukadhani nimesahau upande huo. Nilimwangalia binti yangu akinawa mikono, nikafurahi, na hapo hapo nikaogopa, maana nilijua amelipiwa na nini.

Sasa lingine. Mvua za masika zilikatika mapema na jua limekuwa kali. Walikuja vijana wawili wa mradi na pikipiki, wana ramani kwenye simu. Alalili yetu ina rangi nyekundu, kumaanisha inapumzika mpaka mwisho wa mwaka. Wazee waliwapeleka kuwaonesha ndama, wakawashikisha mbavu kwa mikono yao. Vijana ni watoto wa watu, walisikitika, mmoja alitoka machozi. Lakini wakasema rangi haibadilishwi hapa, inabadilishwa huko. Nyasi zipo, Parsimei, zimefika magotini. Ndama wanakufa wakizitazama.

Morani wakataka kuingiza ng'ombe kwa nguvu. Lesiamon akawazuia kwa fimbo. Akasema, "Hatugombani na watu wa Pakiteng. Hajui hali yetu, angejua asingelala. Mimi nitakwenda kumwambia. Mtu mwenye ng'ombe wako hawezi kukunyima nyasi." Wakamsikiliza. Kijiji kizima sasa kinangoja arudi na jibu.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilikusudia. Siku ile nilipoisoma barua yako niliingia ndani nikamkuta anakohoa, nikasema akimaliza. Alipomaliza akaniuliza, "Naibor atakuwa amezaa sasa?" Nikasema, "Atakuwa amezaa." Tangu hapo ananiuliza kila asubuhi nikimpa chai, na kila asubuhi nimejibu hivyo. Uongo wako ulikuwa wa siku moja. Wangu una miezi. Kwa hiyo sikulaumu tena, sina pa kusimama nikulaumu.

Hajui kama Pakiteng ameondoka. Anaamini atawakuta wote wawili, mtu na ng'ombe. Nilifikiria kumwomba Sifa akupigie simu akuonye. Nikakataa, kwa sababu nakujua, ungesafiri asikukute.

Mkaribishe nyumbani. Mpe chai, ale ashibe, alale kidogo. Halafu mwambie wewe, kwa Kimaasai, ukiwa umevua hilo koti. Ukishindwa, mpe Eunike barua hii amsomee yote, pamoja na yale yangu.

Kwapani, chini ya shuka, amebeba kifurushi cha ngozi. Usimpokee mzigo huo, hatakubali. Ni magadi. Alikwenda mwenyewe mpaka Natron kuyachimba, na kikohozi kile. Anasema udongo wa Rhotia hauna chumvi, na Naibor akiwa ananyonyesha atakuwa na hamu sana ya kulamba kitu cha nyumbani.

Nalangu